Kikundi cha familia: mwacheni avute zipu mwenyewe

*Jumapili jioni*

Mama Salma: Shikamooni wakubwa. Jamani naomba ushauri. Salma ana miaka 3 na nusu sasa, na kuvaa asubuhi imekuwa vita. Nikimvalisha analia "mimi mwenyewe!" Nikimwachia anakwama kwenye mkono wa koti, kilio kinaanza upya. Juzi tumetoka nyumbani wote wawili tuna machozi.

Baba Pili: Pole sana dada. Sisi na hawa pacha vita yetu ni maji. Kila mmoja anataka kujimiminia, meza nzima inaloa.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba wanangu. Mama Salma, pole, lakini hicho kilio cha "mimi mwenyewe" usikichukie. Mtoto anaomba kazi. Tatizo ni kwamba sisi ama tunampa kazi nzima, ama tunamnyang'anya yote. Mpe kipande. Na kipande cha kumpa ni cha mwisho.

Mama Salma: Cha mwisho kivipi, shangazi?

Shangazi Mwanaidi: Chukua suruali. Mkalishe, mwingize miguu yote miwili, ipandishe mpaka magotini, halafu ondoa mikono yako. Yeye asimame, avute mpaka kiunoni. Kamaliza nani? Yeye. Akizoea hapo siku kadhaa, wewe ishia kwenye vifundo vya miguu. Baadaye mwingize mguu mmoja tu, wa pili aingize mwenyewe. Unarudi nyuma hivyo hivyo mpaka siku unakuta huna kazi.

Shangazi Mwanaidi: Ukifanya kinyume, yaani yeye aanze na wewe umalizie, anachokiona kila siku ni kwamba yeye kashindwa na mama ndiye kamaliza. Nimefundisha chekechea miaka mingi, na hili ndilo ningependa kila mzazi alijue.

Dada Rukia: Kumbe! Mimi miaka yote nimekuwa namwanzisha yeye halafu namalizia kwa haraka.

Mama Salma: Na koti je? Hapo ndipo kilio kinapoanzia. Mkono wa kwanza anaingiza, wa pili anautafuta mgongoni hauoni.

Shangazi Mwanaidi: Hata mtu mzima akifumbwa macho angehangaika, maana mkono wa pili uko nyuma ambako haoni. Sasa fanya hivi. Litandaze koti sakafuni likiwa wazi, upande wa ndani uangalie juu. Kola iwe kwenye vidole vya miguu yake, yaani koti liko kichwa chini ukilitazama kutoka aliposimama. Ainame, aingize mikono yote miwili kwa pamoja, ainue juu, alipitishe nyuma ya kichwa. Likishuka liko mgongoni, limekaa sawa.

Dada Rukia: Nimejaribu sasa hivi na sweta langu la vifungo hapa sebuleni. Limekubali 😄

Shangazi Mwanaidi: Zipu, wewe chomeka ile pini ya chini na uipandishe kidogo. Mshikie pindo la koti livutike kidogo kwenda chini, yeye apandishe. Kama kile kishikio ni kidogo kwa vidole vyake, kifungie kipande cha utepe kiwe kitanzi. Kazi ya kuchomeka itakuja baadaye, ni ngumu kwelikweli, usiiharakishe.

Mjomba Idi: Kuna programu za simu zinazofundisha watoto kuhesabu na rangi. Wangu anakaa nayo muda mrefu, kimya kabisa. Mnaonaje?

Shangazi Mwanaidi: Shikamoo kaka. Kwa umri wake, miaka 3, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku wamekaa mbele ya skrini, na ikipungua zaidi ndivyo vizuri. Kuhesabu mpe soksi. Zimwage kitandani baada ya kufua, atafute pacha wa kila moja. Hapo anatazama rangi, ukubwa, michoro, na akizipanga mbili mbili tayari anafanya hesabu. Halafu anazikunja, vidole vinapata nguvu. Vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli.

Mjomba Idi: Marahaba. Soksi tunazo nyingi sana, na hazina pacha.

Dada Rukia: Vibanio vya nguo pia. Wangu nampa kikapu cha vibanio na pindo la kitambaa, anabana mstari mzima. Kubana na kuachia kunakaza vidole kuliko mchezo wowote nilioununua.

Baba Pili: Shangazi, na maji?

Shangazi Mwanaidi: Tatizo la maji mara nyingi ni jagi. Jagi la watu wazima likijaa ni zito kuliko mkono wa mtoto. Tafuta kijagi kidogo chenye mdomo, weka maji robo tu. Kwenye bilauri bandika mkanda wa rangi, umwambie "ukifika hapa, simama." Mwanzo hawajui pa kusimamia, ndiyo maana wanafurika. Na dodoki liwe pale pale tangu mwanzo, karibu na mkono wake. Akimwaga, usipaze sauti wala usikimbilie kufuta wewe. Mwonyeshe mara moja: bonyeza, inua, kamua kwenye bakuli. Wengine wataipenda kufuta kuliko kumimina.

Bi. Asha: Mwanangu, ongeza la usalama. Beseni likibaki na maji limwagwe papo hapo. Sentimita 5 tu za maji zinatosha kumzamisha mtoto mdogo, na hapigi kelele.

Shangazi Mwanaidi: Asante sana dada, hilo lisipite. Mtoto na maji, mtu mzima awe karibu kwa urefu wa mkono, simu pembeni. Na kwa wale wenye watoto chini ya miaka 3: vifungo, shanga na vitu vidogo vidogo vya kuchambua viwekeni mbali. Kipimo rahisi ni lile bomba la kati la karatasi ya chooni. Kitu kikipita humo, ni kidogo mno kwake.

Baba Pili: Nimeelewa. Pacha wana miaka 2 na miezi 8, basi shanga bado.

Dada Rukia: Bibi ametuma sauti ya dakika 4. Kwa walio mahali pa kelele, naandika kwa ufupi. Anasema ukimfundisha mtoto kufunga kamba za viatu usikae mbele yake, kaa ubavuni au umpakate, mikono yenu iende upande mmoja. Ukikaa mbele, kulia kwako ni kushoto kwake, anachanganyikiwa. Na kamba ziwe za rangi mbili, umwambie "nyekundu ipite chini ya nyeupe." Anasema pia usimsumbue kabla ya miaka 5 au 6, mpe viatu vya kubandika. Na viatu vya kulia na kushoto: kata stika moja katikati, nusu bandika ndani ya kiatu hiki, nusu kile. Picha ikikamilika, viatu viko sawa.

Mama Salma: Bibi jamani ❤️

Mjomba Idi: Na mswaki? Wangu anajaza dawa kama anapaka ukuta.

Shangazi Mwanaidi: Dawa weka wewe. Chini ya miaka 3 kiasi cha punje ya mchele, kuanzia 3 hadi 6 kiasi cha njegere moja. Apige yeye kwanza, halafu wewe urudie, maana mkono wake bado haufiki meno ya nyuma. Hiyo zamu ya pili ni yako mpaka afike miaka 7 au 8.

Shangazi Mwanaidi: Nina moja ambayo nawasimulia wazazi wa wanafunzi wangu kila mwaka. Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua "nyumba ya watoto" yake ya kwanza, yaani shule ya wadogo, huko Roma tarehe 6 Januari 1907, siku moja aliamua kuwafundisha watoto kupenga kamasi. Akawaonyesha polepole: namna ya kukunja leso, namna ya kupenga bila kelele. Alipomaliza, watoto wakampigia makofi. Fikirini. Kila siku watu walikuwa wakiwakaripia kwa pua chafu, hakuna aliyekuwa amekaa chini kuwaonyesha. Kila nikiisoma hiyo nakumbuka mara ngapi nimemwambia mtoto "futa pua" bila kumwonyesha kufuta kunafanywaje.

Bi. Asha: Hiyo imenigusa.

Mama Salma: Na mimi. Nimekuwa nasema "vaa vizuri." Vizuri ndiyo nini kwake?

Shangazi Mwanaidi: Ndiyo maana nasema mwonyeshe, tena bila maneno mengi. Ukisema na kutenda kwa pamoja, hajui atazame mdomo au mkono. Tenda polepole, nyamaza, halafu mpe. Na usianze asubuhi ya kazi. Anza jioni au siku ya mapumziko, hakuna anayewasubiri. Asubuhi ukimwamsha, jiongezee dakika 10.

*Jumatano usiku*

Mama Salma: Nimerudi kuleta taarifa. Jumatatu jioni tulitandaza koti sakafuni. Mara ya kwanza alisimama upande wa pindo, akaingiza mikono, akalipindua, kofia ikaning'inia kwenye makalio. Nilishika mdomo wangu kwa mkono ili nisiseme kitu.

Baba Pili: Ikawaje?

Mama Salma: Akageuka kuitafuta ile kofia. Akaivuta, akaitazama, akalivua koti lote. Akalitandaza tena, akalizunguka kwa miguu mpaka akafika upande wa kola. Hakuniuliza! Akainama, mikono ndani, hop. Mimi ndiye niliyepiga makofi.

Shangazi Mwanaidi: Nimesoma mara mbili. Ulivyonyamaza pale, mwanangu, hapo ndipo kazi yote ilipofanyika.

Dada Rukia: Na asubuhi?

Mama Salma: Jana tulichelewa dakika 6. Leo dakika 2. Zipu nilianzisha mimi, akapandisha, ilikwama kifuani. Nikataka kuinua mkono, akasema "ngoja mama." Nikangoja. Akaishusha kidogo, akaipandisha tena, ikapita.

Bi. Asha: Mashallah.

Mama Salma: Sasa hivi baba yake ameingia kutoka kazini. Salma amemvua koti, amelitandaza sakafuni, kola kwenye vidole vya miguu yake, anamwambia "inama baba." Na ameinama.