Varoa Tabora: tuweke dawa mizingani au tuwaachie nyuki wenyewe?

Miombo wa Sikonge: Wakuu, kuna vikundi vya ufugaji nyuki huku vinataka kuchangishana hela za vibanzi vya dawa ya varoa. Mimi napinga.

Varoa ni utitiri wa kuja, anayeishi kwa kuwanyonya nyuki. Kwao ni Asia, kwa nyuki wa huko waitwao Apis cerana. Akahamia kwa nyuki tunaowafuga na kusambaa duniani. Afrika Kusini alionekana 1997, Kenya na Tanzania 2009. Ulaya, kundi lisilotibiwa mara nyingi hufa ndani ya miaka miwili mitatu. Kwetu ameenea na nyuki wapo. Utafiti uliochapishwa 2014 Kenya ulimkuta karibu kila eneo lililopimwa isipokuwa kaskazini, wala wingi wa varoa haukuendana na udogo wa makundi.

Sababu iko kwenye majana, yaani watoto wa nyuki walio bado ndani ya seli za sega. Jike la varoa huingia kwenye seli kabla haijafunikwa, hutaga yai la kwanza saa 70 hivi baada ya kufunikwa, kisha jingine kila baada ya saa 30. Yai la kwanza hutoa dume, kwa hiyo mabinti wameshachelewa. Nyuki kibarua wetu hukaa chini ya kifuniko muda mfupi kuliko wa Ulaya. Akitoka, baadhi ya mabinti hao bado wachanga na wanakufa. Ongeza tabia ya kuhama: kundi likiondoka linaacha majana yote, na varoa waliofungiwa humo wanaishia humo.

Mfugaji wa Urambo: Mkuu, hayo ni ya mizinga ya magome iliyotundikwa mbalimbali porini. Mizinga hamsini ndani ya banda moja, nyuki wanalishwa sukari ili wasihame, hesabu yake ni nyingine. Nyuki waporaji na waliopotea njia wanambeba varoa mzinga hadi mzinga, pamoja na virusi vinavyokunja mabawa. Afrika Kusini nako makundi yalikufa miaka ya mwanzo kabla nyuki hawajamzoea. Kama mnaogopa dawa za viwandani, kuna asidi ya oksaliki na ya fomiki. Hata kilimo hai cha Ulaya kinaziruhusu.

Fundi Nta, Tabora mjini: Asidi zinawafaa Wazungu kwa sababu kwao kuna baridi. Oksaliki haipenyi kifuniko cha seli, inaua varoa aliye mwilini mwa nyuki tu. Ndiyo maana wao hudondosha mililita 5 kila mwanya wenye nyuki, majira ambayo malkia ameacha kutaga. Malkia wa Tabora anaacha lini? Fomiki inapenya, lakini joto likipita nyuzi 30 mvuke wake unakuwa mkali, unaua majana na hata malkia. Oktoba ya Tabora mnaijua.

Vibanzi vya dawa za viwandani, fluvalineti na kumafosi, ni balaa zaidi. Hukaa mzingani wiki 6 hadi 8, na dawa hizo hupenda mafuta: zinazama kwenye nta, na ukiiyeyusha na kuichuja bado zimo. Sisi tunauza asali na nta! Amitrazi, dawa nyingine ya viwandani, haidumu kwenye nta, ila mabaki yake hupimwa kwenye asali. Kikomo cha Umoja wa Ulaya ni mikrogramu 200 kwa kilo. Na niseme wazi, amitrazi ya kuogeshea ng'ombe si ya nyuki. Kipimo chake ni cha josho. Ukiloweka kitambaa ukakisokomeza mzingani unabahatisha, na varoa wanaopona kwenye dozi pungufu ndio wanaozaa kizazi sugu. Kwa fluvalineti hilo limeshatokea nchi nyingi.

Mfugaji wa Urambo: Asidi naziondoa. Lakini kukaa tu nako si jibu. Tupime basi.

Miombo wa Sikonge: Kupima nakubali. Chupa ya mdomo mpana, kifuniko kikatwe kiwekwe wavu wa matundu ya milimita 3 hivi: varoa ana upana wa 1.6, atapita, nyuki hapiti. Kung'uta nyuki kutoka sega la majana, malkia asiwemo, nusu kikombe, kama nyuki 300. Weka vijiko viwili vya chakula vya sukari laini ya keki, zungusha dakika moja, acha kivulini dakika mbili, kisha pindua utikise juu ya bakuli jeupe lenye maji. Sukari inayeyuka, varoa wanaonekana. Gawa kwa 3 upate idadi kwa nyuki 100. Nyuki wetu ni wadogo, nusu kikombe huzidi 300, kwa hiyo mara ya kwanza wahesabu. Wakiwa wamelowa asali sukari inaganda, utapata sifuri ya uongo. Na msimchanganye na chawa wa nyuki: huyo ana miguu sita, varoa minane.

Mgeni wa Kaliua: Kwa nini tusiagize malkia wapole wa Ulaya waliozoea dawa?

Fundi Nta: Ndugu, hapana kabisa. Mwaka 1956 Brazil ilichukua malkia Afrika, wakiwemo wa Tanganyika. Uzao wao ndio unaohimili varoa huko bila dawa. Ukileta malkia wa Ulaya, madume wake watapanda malkia wetu angani, na hakuna uzio wa kuwazuia.

Mfugaji wa Urambo: Basi hela ya vibanzi inunue wavu na sukari, na mwenye banda akate masega ya majana dume yakishafunikwa, maana varoa huyapenda zaidi. Ila kwa mizinga hamsini iliyobanana bado sijashawishika kwamba hayo yatatosha.