GC8 presha ya mafuta inashuka tabo ikishika, naombeni msaada

msafiri_gc8:
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naombeni msaada wa wenye uzoefu na Subaru za tabo za zamani. Nina Impreza WRX ya 1997, ile GC8 yenye injini EJ20K, gia za mkono, nipo Iringa. Gari inawaka vizuri, sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa) imetulia, mjini inatembea bila shida yoyote, ila nikikanyaga kweli gia ya tatu au ya nne tabo ikishashika, kuanzia kwenye 4,500 rpm hivi inakata nguvu na kushtukashtuka, nikiachia mguu inarudi sawa. Kupanda mlima Kitonga ndo kabisa, nabaki nyuma ya malori maana siwezi kuikanyaga nikaachia roho itulie. Geji ya hewa na mafuta niliyofunga kwenye dashibodi inakaa 11 na kitu busti (presha ya tabo) ikianza, halafu inapanda inaelekea 14, yaani mafuta yanapungua, hapo ndo naachia.

Fundi kabadili filta ya mafuta, plagi mpya, koili tumejaribu za gari nyingine, nozeli za kumwagia petroli zimesafishwa. Akapima presha ya mafuta gari ikiwa imesimama akasema ipo 43 psi kwahiyo mafuta hayana shida. Sasa fundi wa pili anasema ninunue pampu kubwa ya 255 (lita kwa saa), wa tatu anasema ni regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta). Taa ya cheki injini haiwaki. Gari hii naipenda na sitaki kuipoteza injini, ila sitaki pia kununua kila kitu kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

kijiwe_cha_boksa:
Mkuu kwanza acha kabisa kuisukuma hiyo gari mpaka upate jibu. Nasema hivi kwa uchungu maana EJ20 nyingi nimeziona zinakufa kwa staili hii hii, mafuta yanapungua wakati tabo inapuliza, injini inagonga ndani kwa ndani husikii chochote, halafu siku moja sehemu ya pistoni inayoshika ringi inapasuka na moshi wa oili ndo unakuletea taarifa. Hizi za Japani zimepangwa kwa petroli yao ya oktani 100 hivi, kwahiyo hata bila hilo tatizo lako nafasi ya kukosea ni ndogo. Tembea nayo taratibu bila busti haina neno.

Sasa hiyo 43. Ukiangalia kitabu cha Subaru, presha ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta ni 41 mpaka 46 psi, ukiurudisha ikiwa sailensi ishuke mpaka 30 hadi 34. Kwahiyo fundi wako hajakosea kusoma, ila kapima gari imesimama wakati pampu haina kazi, na wewe tatizo lako lipo 4,500 kwenda juu. Pale sailensi nozeli zinakunywa tone, karibu mafuta yote yanarudi kwenye tanki, hata pampu iliyochoka inaweza kukuonyesha 43 nzuri kabisa.

Kitu ambacho mafundi wengi wanakisahau kwenye gari za tabo: regyuleta inasukumwa na presha ileile iliyopo kwenye manifodi (njia ya hewa kuingia kwenye injini). Busti ikipanda psi moja, presha ya mafuta nayo inatakiwa ipande psi moja, maana nozeli inamwagia mahali ambapo hewa inaisukuma irudi. Ukiwa na busti 14 unatakiwa uone 57 kwenye geji. Ukiona imebaki 43 palepale ujue nozeli imebakiwa na 29 tu za kusukumia, na kwa hesabu ya nozeli (mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha presha) hapo umeshapoteza karibu asilimia 18 ya mafuta, wakati kontrol boksi (kompyuta ya injini) haijui chochote, inaendelea kufungua nozeli kwa muda uleule. Ndo maana taa haiwaki.

Kwahiyo tafuta geji ya mafuta yenye mpira mrefu, iunge kwa tii kati ya filta na injini, klipu zote zikaze vizuri, pitisha mpira chini ya boneti uchomozee mbele ya kioo, geji uibane chini ya waipa uione ukiwa ndani. Usiingize mpira wa petroli ndani ya gari hata kidogo. Kabla hujafungua kitu chomoa soketi ya pampu, washa gari mpaka izimike yenyewe, presha itakuwa imeisha. Uwe na mtungi wa kuzimia moto karibu na mtu wa pili wa kusoma geji. Leta namba tatu: sailensi na vakyumu, sailensi bila vakyumu, na ikiwa na busti kamili. Ukiona inashuka tu achia hapohapo.

dada_wa_njiro:
Kaka kabla hujafungua chochote nikuulize, inakata hivo hata tanki likiwa limejaa? Nauliza kwa sababu tanki la hizi zinazovuta kwa magurudumu yote manne limekaa limepanda juu ya propela shafti, lina pande mbili, pampu ipo upande mmoja, na mafuta ya upande wa pili yanavutwa na kijipampu kidogo kisicho na umeme kinachosukumwa na mafuta yanayorudi. Kikiziba au kijimpira chake kikichomoka, upande wa pampu unakauka huku geji ya dashibodi bado inakuambia una mafuta. Ya mume wangu ilikuwa inakufa kwenye kona na tanki lipo robo. Jaza full ujaribu tena, hiyo ni bure.

Na chomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta uunuse. Ukiona una unyevu wa petroli, ngozi ya ndani imetoboka, hiyo regyuleta imekwisha usiendelee kupima.

msafiri_gc8:
Asanteni sana wakuu, dada nimejaza full hali ni ileile, na mpira wa regyuleta ni mkavu hauna harufu. Geji nimeazima, tumefunga leo na mdogo wangu.

Sailensi na vakyumu 32, bila vakyumu 43. Barabarani gia ya tatu ilianza kupanda vizuri kabisa, 50, 52, halafu kwenye 4,500 ikagoma ikaanza kurudi chini, 5,200 mdogo wangu akasoma 41 wakati busti ipo 14. Nikaachia.

kijiwe_cha_boksa:
41 na busti 14 maana yake nozeli ina 27 tu. Umepoteza moja ya tano ya mafuta mkuu, asante Mungu uliachia.

Ila hizo namba zimeshakupunguzia gharama. Regyuleta inafanya kazi: ilishuka na vakyumu ikapanda na busti mwanzoni, mpira wake upo mahali sahihi. Kinachokosekana ni wingi wa mafuta, kwahiyo tunarudi nyuma, kuanzia tanki mpaka filta. Gari ikiwa sailensi, funga kitambaa kwenye plaizi ubane taratibu ule mpira wa kurudishia mafuta, sekunde moja tu huku unaangalia geji, usiubane ukaacha. Pampu nzima itarusha mshale kupita 80 fasta. Ikikwama chini ujue haina akiba.

Bado USINUNUE pampu. Kuna vitu vinne vinaweza kuleta jibu hilohilo: pampu yenyewe, kichujio chake cha chini, mpira wa ndani ya tanki, na umeme unaoifikia.

waya_nakuru:
Sasa boss, niko Kenya lakini hizi gari ni zetu sote, huku tangu Colin McRae ashinde Safari na Impreza 1997 watu hawajawahi kuziacha. Mimi kazi yangu ni waya. Nakuomba upime volti kwa soketi ya pampu juu ya tanki, na uipime pampu ikiwa inafanya kazi, si soketi ikiwa imechomolewa. Ukichomoa utasoma 12 safi hata kama waya umebaki uzi mmoja, kwa sababu hakuna kitu inavuta.

Weka waya mwekundu wa mita kwa chanya ya betri na mweusi kwa chanya ya pampu, hiyo ndio hasara ya upande wa chanya. Halafu hasi ya pampu na hasi ya betri, hiyo ni hasara ya upande wa hasi. Hizi waya ni nyembamba na zina zaidi ya miaka 25, soketi ya juu ya tanki huwa inaungua kidogo kidogo, angalia kama plastiki imegeuka rangi. Pampu ikipewa volti 10 badala ya 13.5 inazunguka polepole na presha ikipanda ndio inashindwa kabisa, na ukiweka 255 kwa waya huo huo inavuta ampea zaidi na unazidisha shida.

msafiri_gc8:
Wakuu mmenifumbua macho. Nimebana mpira wa kurudi, geji ikaishia 47 ikagoma hapo. Halafu mita: betri ina 14.0 injini ikiwaka, kwenye pampu zinafika 10.6! Upande wa chanya zinapotea 2.6 na upande wa hasi 0.8. Soketi ya tanki pini moja plastiki yake imekuwa kahawia na imelegea, ukiitikisa na volti zinacheza.

waya_nakuru:
Hapo ndio penyewe. Vuta waya mpya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, usiiweke nyuma. Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya ampea 30 au 40 iwe nyuma karibu na tanki, ule waya wa zamani wa pampu sasa uwe wa kuamsha rilei tu, hivo kontrol boksi inabaki na uwezo wa kuzima pampu injini ikizima. Hii usiiruke, gari ikigonga na pampu iendelee kumwaga petroli ni hatari. Hasi kwangua rangi mpaka uone chuma kinang'aa, funga na bolti, paka grisi juu. Soketi badilisha pini, usipige solda juu ya iliyoungua.

kijiwe_cha_boksa:
Naunga mkono. Ukimaliza pima tena kila kitu upya, usichukulie kwamba imeisha. Kubana mpira ikafika 47 tu ni chini mno hata kwa volti 10.6, nahisi kuna kingine.

msafiri_gc8:
Mrejesho. Rilei imefungwa, sahivi pampu inapata 13.5. Gari imechangamka waziwazi, ila kwenye busti 14 naona 50, bado saba. Nikibana mpira wa kurudi inafika 58 inagoma. Kwahiyo mzee wa boksa ulivyosema ni kweli kuna kingine.

Tukafungua tanki. Kichujio cha chini kina vumbi ila si cha kutisha. Pampu ilishawahi kubadilishwa na mmiliki aliyepita maana klipu si za kiwandani. Sasa kile kipande cha mpira kinachounga pampu na bomba la kutokea, kifupi tu kama kidole, kimevimba kimekuwa laini kama kamasi, na chini ya klipu kina ufa wa kwenda na urefu wake. Nikikibana kwa vidole ufa unafunguka. Yaani mafuta yalikuwa yanarukia humohumo ndani ya tanki, hakuna harufu nje wala tone chini.

kijiwe_cha_boksa:
Huo ndo mwizi wako. Na ona unavyojificha, presha ikiwa ndogo ufa umefunga, ikipanda unafunguka, ndo maana 43 ya fundi ilikuwa nzuri.

Sikiliza sana hapa: usiweke mpira wowote wa petroli wa dukani hata kama muuzaji anaapa. Mipira mingi imetengenezwa kustahimili petroli kwa ndani tu, ukiuzamisha ganda la nje linavimba na kulika, hata ule mzuri wa presha ulioandikwa J30R9 haukutengenezwa kwa kuzamishwa. Unataka wenye chapa SAE J30R10 ubavuni. Ni ghali kwa urefu wake na mara nyingi utauagiza, ila unahitaji kipande kidogo. Klipu weka zile za kuzunguka nzima zenye ukingo laini, zile zenye meno zinakata mpira. Kichujio cha chini badilisha maadamu umeshafungua, na gasketi ya kifuniko cha tanki pia.

dada_wa_njiro:
Na wakati lipo wazi kaka, angalia kile kijimpira cha kijipampu cha upande wa pili kama kimekaa. Kina umri uleule.

msafiri_gc8:
Mpira wa J30R10 umefika kutoka Dar, tumefunga na kichujio kipya na gasketi, kijimpira cha upande wa pili nacho nimekibadili, kilikuwa kigumu kama mti. Pampu ni ileile ya zamani.

Sailensi 32, bila vakyumu 43, kubana mpira inaruka kupita 80 nikaachia. Barabarani busti 14 geji inasoma 57 na inakaa hapo mpaka 6,500, hewa na mafuta 11.2 haitikisiki. Nimepanda Kitonga kwa gia ya tatu na imevuta mpaka juu. Nashukuru sana wote, Mungu awabariki. Swali la mwisho, nikizima gari presha inashuka mpaka 25 baada ya nusu saa hivi, ni kawaida?

kijiwe_cha_boksa:
Hiyo haina shida, ikiwaka kwa slefu moja iache. Ingedondoka sifuri ndani ya dakika moja ndo ungetafuta vali ya pampu au nozeli inayovuja. Geji ya kuazima irudishe, ila nunua yako ndogo ya kukaa kwenye boneti.