Tupeane uzoefu: Kusafiri kutoka Mwanza kwenda Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya ziwa

Mwanzisha mada, Ilemela

Ndugu zangu, kila likizo ya Desemba inapokaribia, jamaa kutoka Dodoma, Arusha na hata wa hapa hapa mjini huuliza namna ya kufika Ukerewe, na majibu wanayopewa ni ya nusu nusu. Wanatajiwa nauli na saa ya kuondoka, lakini ni wachache wanaoambiwa kwamba ukishavuka maji, ratiba yako inapangwa na ziwa. Naomba wenye kwenda na kurudi, na hasa wenyeji wa visiwani, tuandike yale ambayo mgeni anapaswa kuyajua kabla hajakata tiketi.

Naanza na njia. Ukerewe, chenye eneo la takriban kilomita za mraba 530, ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na mji wake mkuu ni Nansio. Unaweza kupanda meli katika bandari ya Mwanza Kaskazini, safari ya saa tatu na ushei ziwa likiwa limetulia. Unaweza pia kupita barabara ya Musoma, ukavuka Magu na Lamadi hadi Bunda, ukakata kuelekea Kibara na Kisorya, ukavuka kwa pantoni hadi Rugezi, kisha ukamalizia kwa gari hadi Nansio. Njia ya barabara ni ndefu na inachosha, ila sehemu yake ya maji ni fupi, na kwa mtu anayeogopa mawimbi hilo si jambo dogo. Mimi humshauri mgeni aende kwa meli, ajifunze njia ya Kisorya kama akiba, na aache siku moja nzima ya ziada kabla ya basi au ndege yake ya kuondoka Mwanza. Anayepanga kutoka Nansio asubuhi na kupanda ndege jioni ya siku hiyo hiyo anajitafutia mashaka bila sababu.

Mvuvi mstaafu, Kirumba

Umesema vema, kijana wangu. Niongeze habari za upepo, kwa sababu wageni wengi hutazama mawingu wakadhani wameshajua hali ya ziwa. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku hugeuka, pepo za pande zote zikakutana katikati ya ziwa na kuinua hewa yenye unyevu. Ndiyo maana mvua kubwa na radi za ziwani hupata nguvu usiku wa manane na alfajiri, wakati mjini watu wanaona anga tulivu. Miezi ya Juni hadi Agosti haina mvua nyingi, lakini upepo wa kusini huwa mkali na mawimbi hupanda.

Kwa hiyo msipande mtumbwi wala boti ndogo ya injini usiku, hata kama mwenye boti ni ndugu yenu na anawahakikishia kwamba ameshavuka mara nyingi. Sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha mwulizeni mvuvi yeyote pale mwaloni, wanaposhushia samaki, kama yeye mwenyewe angetoka saa hiyo. Akisitasita, laleni.

Mwalimu, Ukara

Shikamoo mzee. Naandika nikiwa Ukara, kisiwa kilicho kaskazini ya Ukerewe, ambako hufikiwa kwa kivuko kutoka Bugorora hadi Bwisya. Hapa hatuwezi kuzungumzia usafiri wa maji bila kutaja tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, ambapo MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Bwisya. Ilikuwa siku ya gulio Bugorora. Kivuko kilichopaswa kubeba abiria wapatao 100 kilikuwa kimejaza kupita kiasi watu na mizigo, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria. Siandiki haya ili kumtisha mtu asije. Naandika kwa sababu mgeni ana nafasi ambayo mwenyeji mwenye mzigo wa gulio mara nyingi hana: anaweza kuahirisha. Ukiona chombo kimejaa, subiri kinachofuata. Ukishapanda, jua jaketi okozi ziko wapi, mvalishe mtoto wako mapema, na chombo kinapokaribia gati kaa mahali pako hadi kifungwe, kwa maana abiria wakikimbilia upande mmoja uzito wote huhama pamoja nao.

Ukishafika, usiishie ufukweni. Omba mwenyeji akupeleke Nyaburebeka kuona jiwe linalocheza, na mfuate utaratibu wa wazee wa pale, maana ni mahali pa mila zao. Njiani tazama mashamba: Wakara wamelima ardhi hii finyu kwa vizazi vingi kwa kufuga ng'ombe zizini na kurudisha samadi shambani, na kwa maoni yangu hilo linastahili safari kuliko picha yoyote ya machweo.

Muuguzi, Nyamagana

Naomba tusiisahau afya, hasa kichocho. Ziwa lote hili lina kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji tulivu ya kando yenye majani, navyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote, tena huwa vingi zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, wakati jua likiwa kali na watoto wakiwa majini. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Oga maji yaliyochemshwa, au yaliyotekwa na kukaa kwenye chombo kwa siku mbili.

Aliyekwisha kuingia majini asikimbilie kumeza dawa siku inayofuata, kwa sababu prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa na kuwaacha wachanga. Apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Lakini akipata homa, muwasho, kuhara au damu kwenye choo kabla ya hapo, aende kituo cha afya na aeleze waziwazi kwamba aliogelea ziwani. Malaria nayo ipo mwaka mzima, kwa hiyo chandarua ni lazima.

Mfanyabiashara wa dagaa, mwaloni Kirumba

Mimi nina machache. Nansio kuna gesti, mawakala wa fedha na bodaboda, lakini ukienda visiwa vidogo beba fedha taslimu za noti ndogo. Chakula si tatizo: sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo utavipata, na machungwa ya Ukerewe ni matamu.

Msafiri, Geita

Kwa anayetaka wanyama, kisiwa cha Saanane kiko dakika chache kwa boti kutoka Mwanza mjini na kinatosha nusu siku. Kisiwa cha Rubondo ni habari nyingine: ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina nzohe (swala wa kwenye matete), tembo na sokwe waliotokana na wale walioletwa kati ya 1966 na 1969, na inahitaji kulala. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ya pantoni haipo tena upande huu wa barabara ya Mwanza–Geita, ila boti ya kwenda kisiwani ipangwe na hifadhi mapema.

Mwenye swali, Dodoma

Shikamooni nyote. Nitakuja na mama yangu mwenye umri wa miaka sabini na ushei, ambaye hajawahi kupanda meli. Je, nimpitishe njia gani?

Mwanzisha mada, Ilemela

Marahaba dada. Kwa mama, chagua Kisorya, lakini usimsafirishe kwa mkupuo mmoja: laleni Bunda, mvuke asubuhi kabla upepo haujaamka, na umwombe kondakta nafasi ya kukaa upande wa kivulini. Mkifika Rugezi chukueni gari la kukodi hadi Nansio, si bodaboda.