Naomba ushauri: elekitro ya kichwa ya mdogo wangu

Mwana_Kadutu: Salamu wakubwa. Mdogo wangu wa miaka 16 ameanguka kifafa mara mbili, zote asubuhi baada ya kukesha matanga. Wamempima mawimbi ya ubongo, ndiyo hiyo elekitro. Daktari alituonyesha miiba miiba, kila fungu na wimbi lake, mara 4 mpaka 6 kwa sekunde, pande zote za kichwa kwa pamoja. Anasema ni ya ukoo, ndugu nasi tupimwe. Kuna haja? Mimi niko mzima.

Mama_Furaha: Pole mwanangu. Shangazi yangu aliangukia mbabula, jiko la makaa, watu wakamwangalia tu, eti mate yake yanaambukiza. Mguu uliungua mpaka mfupa. Watu wabaya!

Motari_Essence: Kumbe kichwa nacho kina antena 😂

Mtumishi: Sali kwanza. Ya ukoo hukatwa kwa mfungo.

Muuguzi_mstaafu: Ndugu anaweza kuonekana na miiba hiyo asianguke maisha yake yote, na mgonjwa kabisa akatoa karatasi safi. Mimi nauliza dalili. Ukiamka, mikono haikuruki?

Mwana_Kadutu: Kidogo. Kikombe kimeniponyoka kama mara tatu. Ni uchovu tu, nafanya kazi usiku.

Muuguzi_mstaafu: Kazi gani?

Mwana_Kadutu: Motari, nabeba abiria kwa moto (pikipiki). Msinihukumu, nimeshatoa avansi dola 400 ya moto yangu mwenyewe, na mwenye nayo harudishi pesa. Nimewaza nigawane dawa na mdogo wangu, nusu kwa nusu.

Muuguzi_mstaafu: Usithubutu! Yeye atapungukiwa, na wewe hujui unameza nini. Kabamazepini, kwa mfano, ni dawa ya kifafa lakini inaweza kuzidisha hiyo mikono kuruka. Nenda kwa daktari, na usiku ulale. Kukosa usingizi ndiko kunakoamsha kifafa cha namna hii.

Jicho_Kali: Ngojeni kwanza. Huyu mwezi jana alikuwa Lubumbashi, anaomba ushauri wa talaka. Leo ni motari wa Bukavu? Tunatungiwa hadithi hapa.

Mwana_Kadutu: Ile ilikuwa ya rafiki yangu, hana simu.

Motari_Essence: Sasa talaka iliishaje?

Mama_Furaha: Niliisoma ile! Mke alikuwa na haki.

Jicho_Kali: Haki gani, na mbuzi za mahari alizila nani?

Muuguzi_mstaafu: Mwana_Kadutu, kesho unaamka saa ngapi?

Mwana_Kadutu: Saa kumi usiku. Kuna mteja anawahi boti ya Goma.