Naomba ushauri: kufundisha mizunguko ya maisha ya mimea na wanyama nje ya darasa

Mwalimu wa Awali
Wanajamvi, ninafundisha watoto wa miaka 8 na 9. Wanataja bila kukosea yai, kiwavi, pupa na kipepeo kama nilivyowachorea ubaoni, lakini nikiwaonyesha kiwavi hai juu ya jani, wengi humwita mnyoo. Nakusudia kulihamishia somo uani, ambako kuna miti michache, nyasi na mahali panapotuama maji ya mvua. Yananitatiza mambo mawili: mzunguko wa kiumbe hauishi katika kipindi kimoja, na sijui niwaambie nini watoto watakapomkuta kiumbe waliyekuwa wakimfuatilia amekufa.

Chaki Nyeupe
Mwalimu mwenzangu, usianze na kipepeo. Anza na maharagwe. Pandeni mbegu chache kila wiki katika tuta lile lile, na kila mstari uwekewe kibao chenye tarehe. Baada ya miezi miwili hivi mtakuwa na miche, maua na maganda machanga yaliyosimama bega kwa bega, hivyo mtoto ataona kwa siku moja mambo ambayo mmea mmoja huyapitia kwa majuma mengi. Ng'oeni mche mmoja mmoja ili waone kwamba mzizi hutangulia kutoka, na kwamba zile nusu mbili nene za mbegu husinyaa kadiri mche unavyotumia akiba iliyomo. Maganda yakikauka, mbegu zake zipandwe tena na watoto wale wale, kwa maana bila hatua hiyo watakuwa wameona mstari tu, si mzunguko.

Mpenda Wadudu
Naunga mkono, ila viwavi msiwatie kwenye chupa. Aina nyingi hula mimea michache tu, na kiwavi akipewa majani yasiyo yake hufa njaa huku chakula kimemzunguka. Fungeni uzi kwenye tawi alipo, kisha mrudi hapo hapo kila siku; wenye manyoya wasiguswe, kwani baadhi huwasha vibaya. Maria Sibylla Merian, mchoraji na mchunguzi wa wadudu aliyesafiri hadi Suriname, Amerika Kusini, mwaka 1699, alichora wadudu pamoja na mimea wanayoila, na watoto wako wachore vivyo hivyo. Watafuteni panzi pia: tunutu, yaani panzi mchanga, hufanana na mzazi wake, hujivua ngozi mara kadhaa na hapitii hatua ya pupa, jambo ambalo mchoro wa kipepeo peke yake huwaficha watoto.

Mama Bustani
Kuhusu kifo, waambie ukweli. Chura wa aina nyingi hutaga mamia au maelfu ya mayai, na wachache tu ndio hufikia utu uzima. Waliobaki huwa chakula cha wengine. Huenda pia mkaona nyigu wadogo wakitoka katika mwili wa kiwavi, kwa kuwa mama yao alitaga mayai humo. Hapo waulize watoto ni mzunguko wa nani uliokatika na wa nani uliokamilika. Hayo maji yaliyotuama nayo myaangalie kwa tahadhari: penye joto, mbu huweza kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa siku 7 hadi 10.

Mwalimu wa Awali
Nashukuru sana. Je, maji hayo niyafukie kabisa?

Mama Bustani
Chota kidogo katika chombo cheupe, watoto wawatazame viluwiluwi wa mbu wakipanda juu kuvuta hewa, kisha uyamwage siku hiyo hiyo kwenye udongo mkavu. Shimo lifukie.