Nimenyimwa PIP, eti sauti yangu kwenye simu "haikuonesha maumivu"

Wakuu habari, hasa nyie mlioko Uingereza. Hii barua ninayo tangu juzi, nikasema ngoja nipoe kwanza ndo niandike, sijapoa, acha niandike hivyo hivyo.

Nina faibromayalgia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyoisha, juu yake mgongo uliokwisha kwa kunyanyua wazee kwenye nyumba za kulelea, ile kazi nyumbani wanaiita kubeba boksi na kucheka. Nikaomba PIP, lile fao la wenye ulemavu na magonjwa ya muda mrefu. Wamenipa pointi 2 za shughuli za kila siku na 4 za kutembea. Ili ulipwe unatakiwa ufikishe 8 kwenye upande mmojawapo, ukifika 12 unapata kiwango cha juu. Nikaomba waangalie upya, jibu limerudi pointi zile zile maneno yale yale, nadhani wamebadilisha tarehe tu.

Sasa someni walichoandika. Mtathmini kanihoji kwa simu. KWA SIMU. Ripoti inasema nimeongea vizuri bila dalili ya maumivu. Alitaka nilie? Mtu mwenye maumivu ya miaka anajifunza kuongea huku yanauma, ungekuwa unalia kila yakiuma ungenyamaza saa ngapi? Nikamwambia naendesha gari, otomatiki, mpaka dukani hapo karibu, basi, kaandika naendesha kwa hiyo mikono ina nguvu na naweza kupika na kuoga mwenyewe. Kutoka usukani mpaka kumenya viazi kafikaje huyu mtu?

Halafu hii ya dawa ndo imenimaliza kabisa. "Hatumii dawa kali, hivyo maumivu si makali." Jamani, mwongozo wa 2021 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa, ambao ndio GP wangu (daktari wangu wa mtaani) anaufuata, unasema maumivu sugu ya aina hii mgonjwa asianzishiwe mofini na jamii yake, wala gabapentin ile ya maumivu ya neva, wala hata paracetamol. Wanashauri mazoezi, ushauri wa kisaikolojia, na baadhi ya dawa za sonona. Mimi nina amitriptyline ya usiku, mojawapo ya hizo, mtathmini kaiandika kama dawa ya usingizi. Kwa hiyo daktari anashauriwa asinianzishie dawa kali, na huku nanyimwa hela kwa sababu sizimezi.

Na sheria yenyewe haisemi wanavyosema wao. Kanuni za PIP za 2013, kanuni ya 4: unahesabiwa unaweza jambo kama unalifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, unaweza kulirudia kadri inavyohitajika, na hutumii zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na tatizo. Mtathmini kaniuliza naweza kutembea mpaka nguzo ya taa ya pale mtaani, nikasema nafika. Hakuuliza kama narudi!! Hakuuliza kesho yake nakuwaje. Kaweka mita 50 mpaka 200, pointi 4, kwisha habari. Angeuliza kurudia tungekuwa kwenye mita 20 mpaka 50, ambazo ni pointi 8, na hii barua ingekuwa nyingine.

Sasa imebaki rufaa ya tribunal, yaani baraza huru la rufaa, mwezi mmoja tu tangu tarehe ya barua, bure, mbele ya jopo la jaji, daktari na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu. Kesi zinazosikilizwa na jopo zaidi ya nusu mwombaji anashinda, miaka na miaka sasa. Hilo ndo linanipa hasira, maana wanajua. Wanajua wengi wataishia kwenye barua ya pili, na mwenye maumivu ndo wa kwanza kuchoka, fomu yenyewe naijaza kurasa mbili nalala.

Wale wa "si urudi bongo" msijisumbue, kodi nimelipa hapa.

Nimechagua kwenda mwenyewe, sitaki tena simu, wanione ninavyokaa kwenye kiti. GP kakubali kuandika barua, nimemwomba aandike hilo la kurudia na asiishie kutaja jina la ugonjwa. Aliyewahi kukaa mbele ya hilo jopo aniambie, yule daktari anauliza nini? Na mkalimani wa Kiswahili mliomba mapema au mlimkuta hapo hapo?