Triumph T120 ya 1968 kwenye fremu ya Trackmaster: nianze na nini kabla ya kuiwasha?

Kona_Kushoto

Salaam wakuu. Nina pikipiki ya Triumph ya flat track (mbio za mviringo kwenye uwanja wa udongo): injini ya T120 ya 1968, cc 649, fremu ya Trackmaster iliyotiwa nikeli, shokapu za mbele Ceriani za mm 35, habu (vitovu vya magurudumu) za Barnes, rimu za inchi 19 mbele na nyuma. Breki ipo nyuma peke yake. Imekaa miaka mingi bila kuwashwa, wala hakuna karatasi inayosema ndani kuna vipuri gani. Ukiizungusha kwa mkono inazunguka, na mgandamizo upo silinda zote mbili.

Nataka kuikimbiza daraja la vintage (pikipiki za zamani) la DTRA, chama cha mbio hizi hapa Uingereza, siyo kuiweka sebuleni. Je, nibadilishe oili na plagi niiwashe, au niifungue yote? Na fremu ninaichunguzaje? Nikeli imebanduka sehemu mbili, karibu na shingo na chini ya injini.

FundiKrenki

Usiiwashe, mkuu. Kuzunguka kwa mkono hakukuelezi lolote kuhusu njia ya oili, na hapo ndipo injini hizi zinapofia.

Ndani ya krenki, kwenye pini za konrodi, mna kijibomba cha kunasia uchafu. Krenki inapozunguka, uchafu mzito unatupwa pembeni na kugandia humo. Meriden, kiwandani kwa Triumph, hawakuweka filta ya karatasi, ni nyavu tu, kwa hiyo takataka za miaka yote zinaishia pale. Kikijaa, konrodi zinakosa oili. Kubadilisha oili hakusaidii. Oili mpya yenye sabuni inaweza hata kulegeza bonge moja likaziba tundu. Lazima krenki itoke nje.

Kijibomba kinashikiliwa na bolti moja ya flywheel (gurudumu zito la krenki) yenye ncha ndefu. Itoe hiyo kwanza, la sivyo utavunja kijibomba na hakitatoka. Kizibo chake cha skrubu kimegongwa alama ili kisilegee: itoboe alama hiyo kidogo kwa drili, pasha moto, kisha tumia bisibisi ya kugonga. Safisha kila tundu mpaka hewa ya kompresa ipite wazi. Wakati wa kurudisha, weka bolti mpya za flywheel pamoja na gundi ya nyuzi, kaza futi-pauni 33, yaani karibu Nm 45. Nati za konrodi ziwe mpya kila mara.

Pini zikihitaji kuchongwa (inchi 0.010 au 0.020), mwambie mchongaji aache mviringo kwenye kona ya pini. Kona ikiwa kali, ufa unaanzia hapo hapo.

Halafu kuna sili ndogo ndani ya kifuniko cha taimingi, inayokumbatia ncha ya krenki. Oili ya konrodi inapitia pale. Mdomo wake uelekee upande wenye presha, na klipu yake iwepo. Mdomo ukikunjika unapofunga kifuniko, oili inavuja kurudi kwenye krenkesi na konrodi hazipati kitu, huku juu kila kitu kinaonekana sawa. Funga geji: injini ikiwa moto utegemee psi 65 hadi 80 ikikimbia, na 20 hadi 25 ikiwa sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila gesi.

Hedi nayo ipelekwe ikachunguzwe nyufa kati ya viti vya valvu na matundu ya bolti. Ni ugonjwa unaojulikana wa hedi hizi.

Bomba4130

Nakuja kwenye fremu. Mafundi wengi wa fremu za mbio walichagua nikeli badala ya kromu kwa sababu mbili. Kutia kromu kunaingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu cha kromoli (chuma chenye kromu na molibdeni) na kukifanya kivunjike bila kupinda kwanza. Pili, nikeli inakuonyesha ufa mapema: utaona mstari mwembamba wa kutu. Kwa hiyo usikimbilie kuipiga msasa ing'ae. Ioshe kwa mafuta ya taa, iache ikauke, tazama mistari hiyo kwa taa na lenzi kabla hujagusa chochote.

Chunguza shingo na vibati vyake vya kuimarisha, egemeo la swingamu (mkono unaobeba gurudumu la nyuma), na masikio yote yanayobeba injini. Pistoni za Triumph hupanda na kushuka kwa pamoja, mtetemo ni mkubwa, na kishikio cha juu kinachofunga hedi kwenye fremu ndicho kinachookoa masikio ya chini. Pikipiki nyingi za aina hii zinauzwa kishikio hicho kikiwa kimepotea. Kama chako hakipo, kuna uwezekano mkubwa utakuta ufa chini, na hapo nikeli ilipobanduka ndipo pa kuanzia. Paka rangi ya kupenya ya kutafutia nyufa, hugharimu kidogo.

Ukilazimika kuchomelea, nikeli itolewe kabisa sehemu hiyo; ikiingia kwenye mchomeleo unapasuka. Ukitia nikeli upya, fremu iokwe karibu nyuzi 190 za Selsiasi kwa saa kadhaa mara tu itokapo kwenye dawa.

Maoni yangu: kama fremu ni nzima, iache na makovu yake. Mikwaruzo ya buti upande wa kushoto na vibati vya namba vilivyotobolewa ovyo ni kumbukumbu ya kazi iliyofanywa na chombo hicho. Ukishaving'arisha, havirudi.

Hesabu_za_Meno

Waliotangulia wamesema vizuri. Mimi naongeza gia, maana wengi wanaingia uwanjani na sproketi za barabarani kisha wanailaumu injini.

Ndani ya T120 sproketi ya injini ina meno 29 na ya klachi 58, yaani 2 kwa 1. Kwa meno 19 kwenye gia boksi na 46 nyuma, gia ya nne ni 4.84, yaani injini inazunguka mara 4.84 gurudumu likizunguka mara moja. Tairi la flat track la kipenyo cha inchi 27 linakwenda karibu mita 2.15 kila mzunguko. Ukizidisha, rpm 6,500 (mizunguko ya injini kwa dakika) inakupa kilomita 173 kwa saa. Uwanja wa nusu maili mara nyingi hautakuruhusu kufika hapo. Ukitaka rpm 6,500 iwe kilomita 145 kwa saa, unahitaji 5.8, ambayo ni 19 kwa 55. Kila jino moja la nyuma linabadilisha takriban rpm 120 kwa mwendo ule ule, kwa hiyo beba 52 hadi 58. Uwanja mfupi utahitaji kubwa zaidi.

Badilisha ya nyuma tu. Ya mbele imejificha nyuma ya klachi: inabidi utoe kifuniko, cheni ya ndani, klachi nzima na bamba la mviringo. Habu ya Barnes ilitengenezwa ili kazi hiyo iwe ya dakika chache.

Kabureta ukikuta ni Amal Concentric 930, weka rula bapa kwenye uso unaokutana na hedi. Watu hukaza nati kupita kiasi, uso unapinda, mwili unabana slaidi, na gesi inabaki wazi ukiwa katikati ya kona. Pikipiki haina breki ya mbele. Hilo ni jambo la hatari kweli. Slaidi idondoke yenyewe kwa uzito wake hata baada ya kukaza.

Kona_Kushoto

Shukrani sana wakuu. Kishikio cha juu kweli hakipo! Injini inashuka wiki hii. Swali moja: kwa kuwa itafunguliwa yote, niweke kiti ya 750, yaani seti ya silinda na pistoni kubwa za kuifikisha karibu cc 750?

FundiKrenki

Kihistoria ni halali kabisa. Hadi 1968 kanuni za Class C, daraja la mbio za pikipiki la Marekani, ziliruhusu injini za valvu za juu cc 500 dhidi ya za valvu za pembeni cc 750. Tangu 1969 wote wakapewa 750. Kwa ajili hiyo Triumph ikatoa T120RT ya 1970, silinda za kipenyo cha mm 76 badala ya 71, jumla cc 744, na mwaka huo huo Gene Romero akachukua ubingwa kwa Triumph.

Lakini pistoni zenye uzito tofauti zinadai krenki isawazishwe upya, la sivyo fremu ndiyo itakayolipa. Mwaka wa kwanza baki na 649, pistoni za 9 kwa 1, moto wa plagi uwake nyuzi 38 za mzunguko wa krenki kabla ya pistoni kufika juu. Upime kwa taa ya taimingi advansi (kifaa kinachowahisha moto) ikiwa imefunguka yote.

Siku ya kuiwasha, fungua kizibo cha chini ya krenkesi kwanza. Oili ya tangi huteremka kupitia vigololi vya pampu ikikaa, na ukiiwasha hivyo inatema kila upande. Ifunge, toa plagi, izungushe mpaka uone oili ikirudi tangini kwa kurukaruka pamoja na hewa. Isiporudi, usirudishe plagi. Fungua pampu usafishe vigololi na viti vyake.